Vitunguu vya kiangazi Lubumbashi: vinatoa maua, shingo haianguki, vinaoza kwenye gunia

Mlimaji_Kafubu

Jambo yenu wote. Ninaomba msaada wa watu wanaojua matungulu (vitunguu) vizuri.

Shamba ni ari 5, yaani mita za mraba 500, upande wa Kafubu. Udongo ni ule wetu mwekundu, unashikamana ukilowa. Kichuguu kikubwa kiko pembeni. Maji ni ya kisima, mita 5 mwezi wa tano, yanashuka hadi karibu mita 7 mwezi wa tisa. Vifaa: arozwari (kopo la kumwagilia) mbili za lita 10, na motopompe (pampu ya injini) ya kukodi mara moja kwa juma.

Kiangazi kilichopita miche ilihamishwa mwanzo wa mwezi wa tano, tayari minene. Mwezi wa nane thuluthi moja ikatoa maua. Iliyobaki shingo zikawa nene, hazikuanguka, na baada ya majuma matatu kwenye gunia vitunguu vikaanza kuoza kuanzia juu. Mbegu ilikuwa Red Creole, kikopo kilichofungwa. Mbolea: samadi ya kuku, NPK siku ya kupanda, na uree (urea, mbolea ya nitrojeni) mara tatu, ya mwisho mwanzo wa mwezi wa nane.

Nibadilishe mbegu? Nipande lini? Na je, maji yangu yanatosha ari zote 5?

---

Udongo_Mwekundu

Ndugu Mlimaji, mbegu usiilaumu. Red Creole inaelewana na Lubumbashi. Maua yametokana na tarehe na unene wa mche, vyote viwili pamoja.

Kitunguu kwa asili yake kinaishi miaka miwili. Mwaka wa kwanza kinajaza, yaani kinavimba chini, kinapita kwenye baridi, wa pili kinatoa ua na mbegu. Baridi ndiyo alama yake kwamba mwaka umegeuka. Sisi tuko mita 1,200 na kitu juu ya bahari, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba joto linashuka mara nyingi chini ya digrii 10. Mmea ambao shina lake limefika unene wa penseli, ukikaa majuma kadhaa kwenye digrii 8 hadi 13, unaanza kutengeneza ua ndani kwa ndani. Wewe utaliona mwezi wa nane, lakini lilitengenezwa mwezi wa sita na wa saba. Mmea mdogo, majani matatu au manne na shina jembamba, hausukumwi na baridi hiyo hiyo. Unasimama tu ukingojea joto.

Sasa angalia ulichofanya: mche mnene, umehamishwa mwanzo wa mwezi wa tano, umepata majuma matano ya joto na mbolea, ukaingia kwenye baridi ukiwa mkubwa kabisa. Thuluthi moja tu kutoa maua, hata umepata nafuu.

Kwa shamba lako ningepanga hivi. Mbegu kitaluni kati ya 20 Aprili na 5 Mei. Kuhamisha kati ya 10 na 25 Juni, mche ukiwa na siku 45 hadi 55, mwembamba kuliko penseli. Utaonekana kama umelala hadi mwisho wa mwezi wa saba, usiuharakishe kwa uree ya ziada. Mwezi wa nane joto linarudi, siku zinarefuka, na hapo unakimbia wenyewe. Mavuno ni kutoka mwisho wa Septemba hadi katikati ya Oktoba. Kuchelewa kuliko hapo ni hatari, maana kitunguu kilichokomaa kikinyeshewa na mvua za kwanza kinatoa mizizi mipya, na hicho hakiwekeki.

Mtu anaweza kupanda mapema zaidi ili auze mwezi wa nane bei ikiwa nzuri. Inawezekana, ila awe na mche mdogo sana na akubali kupoteza sehemu kwa maua.

Neno moja juu ya aina. Hapa siku fupi kuliko zote, mwezi wa sita, ina mwanga wa saa 11 na nusu hivi, na ndefu kuliko zote, Desemba, haifiki saa 13. Kwa hiyo tunataka aina za siku fupi, zinazoanza kujaza kwenye saa 11 au 12: Red Creole, Violet de Galmi, Texas Grano. Texas Grano inatoa vitunguu vikubwa vya njano, vitamu, lakini maji ni mengi ndani yake. Uza ndani ya mwezi. Red Creole ni ndogo, ngumu, kali, na inakaa. Violet de Galmi, iliyotoka Niger, inakaa vizuri pia. Ukikuta vipakiti vya Ulaya kama Jaune Paille des Vertus, viache dukani. Hiyo inasubiri siku ya saa 14 na zaidi, ambayo hapa haitokei kamwe. Utapata majani mazuri kama ya poaro, na chini hakuna kitu.

---

Mama_Kitalu

Ninaongeza ya kitalu, maana mche mbaya hautengenezwi tena shambani.

Kwanza hesabu. Kwenye ari 5 ukitoa njia na kingo zinabaki mita za mraba 350 za kupanda, yaani matuta 35 ya mita 1 kwa 10. Mistari mitano kwa tuta, sentimita 20 kati ya mstari na mstari, sentimita 10 kati ya mche na mche, ni miche 50 kwa mita ya mraba. Jumla 17,500. Gramu moja ya mbegu ina punje 250 hadi 300. Ukihesabu kwamba punje 60 hadi 65 kwa 100 zitakupa mche unaofaa, gramu 120 zinatosha. Usinunue nusu kilo "kwa usalama": mbegu ya kitunguu inakufa haraka kuliko ya kabichi au ya tomati, na iliyobaki mwaka ujao itakudanganya. Kabla ya kusia, weka punje 100 katika kitambaa chenye unyevu, mahali pa joto ndani ya nyumba, siku 10. Zikiota chini ya 70, ongeza kipimo au tafuta kikopo kingine.

Gramu 5 kwa mita ya mraba, basi kitalu chako ni mita za mraba 24. Watu wanasia gramu 15 kwenye mita moja, halafu wanashangaa miche kuwa kama nywele na kuanguka yote kwa usiku mmoja. Kuanguka huko ni ukungu wa udongoni, unapenda msongamano na maji ya jioni. Mistari iwe sentimita 10 kutoka mmoja hadi mwingine, kina sentimita 1, funika kwa mboji laini, kisha nyasi kavu juu. Siku ya kwanza unapoona vichwa vimejikunja kama sindano, siku ya 7 hadi ya 12 kutegemea baridi, toa nyasi jioni ileile. Ukichelewa siku tatu miche inarefuka na kuwa myeupe.

Maji asubuhi tu. Kitaluni usiweke uree hata kidogo ikiwa mboji ilikuwa nzuri. Juma la mwisho punguza maji ili mche ukomae, halafu lowesha sana usiku wa kuamkia kuhamisha, mizizi isikatike.

Mche wa kupanda: urefu sentimita 15 hadi 20, majani matatu au manne, shina chini ya penseli. Panga mafungu mawili, membamba na ya wastani, kila fungu na tuta lake, ili vikomae pamoja. Minene kuliko penseli pika kwenye mchuzi, usiipande.

---

Mlimaji_Kafubu

Aksanti sana Mama, na wewe Udongo. Maswali mengine: kukata majani ya mche kabla ya kupanda ni lazima? Jirani anakata nusu. Na udongo wa kichuguu, nimesikia unasaidia, ni kweli au ni maneno?

---

Udongo_Mwekundu

Kukata majani: hapana. Mche unaishi kwa majani hayo hadi mizizi mipya ije, na kila kidonda ni mlango wa ugonjwa. Kata mizizi tu, ibaki sentimita 2, ili isijikunje shimoni.

---

Mama_Kitalu

Hapo tunatofautiana kidogo, yaya. Mche wa sentimita 18 usiukate, sawa. Lakini mche uliorefuka hadi sentimita 30 jua la saa sita linaulaza chini, ncha zinagusa udongo na kuungua, na upepo unautikisa. Huo ninakata thuluthi moja ya juu, kwa kisu safi, na kupanda saa kumi jioni. Nusu kama jirani anavyofanya ni nyingi mno.

Kina cha kupanda kina uzito kuliko majani: sentimita 2 hadi 3, basi. Ukizika shingo, kitunguu kinakuwa kirefu kama chupa. Kitunguu kizuri kinajaza nusu yake juu ya ardhi, kwa hiyo wakati wa kupalilia usikipandishie udongo kama viazi.

---

Chokaa_na_Mboji

Nijibu la kichuguu na mbolea, maana hapo ndipo shingo nene inapotoka.

Kichuguu si maneno. Udongo wetu mwekundu umeoshwa na mvua za miaka mingi, una asidi nyingi (pH, kipimo cha asidi, iko chini), kalisiamu ni kidogo, na fosforasi inanaswa na chuma kilichomo. Mchwa wa vile vichuguu vikubwa wanapandisha udongo wa chini wa mfinyanzi, na ndani yake kalisiamu, magnesiamu na potasiamu ni nyingi kuliko kwenye shamba linalovizunguka, asidi ni kidogo. Lakini ukiuweka kama mabonge unageuka tofali. Uvunje, uchekeche, debe la lita 20 kwa mita za mraba 4, uchanganye kwenye sentimita 15 za juu pamoja na mboji. Chukua udongo wa katikati ya kichuguu, si ngozi ya nje iliyooshwa na mvua.

Kitunguu kinataka pH 6 hadi 7. Chini ya 5.5 mizizi inakuwa mifupi na ncha za majani zinakauka hata maji yakiwepo. Kama una karatasi za kupimia, pima. Ikiwa chini ya 5.5, gramu 200 za chokaa ya kilimo kwa mita ya mraba, iliyosagwa laini, mwezi mmoja kabla ya kuhamisha, ikiwezekana wakati udongo bado una unyevu wa mvua za mwisho. Iwe chokaa ya kilimo au dolomi (chokaa yenye magnesiamu). Ile chokaa ya moto ya kupaka nyumba inaunguza, na kuipima ni kazi.

Samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza kabisa: kilo 2 hadi 3 kwa mita ya mraba. Ya kuku, nusu kilo hadi kilo 1, na iwe imelala miezi mitatu ikigeuzwa. Samadi mbichi ya kuku inaweza kuendelea kutoa nitrojeni kwa muda mrefu, wakati kitunguu kinataka kulala. Hiyo peke yake inatosha kukupa shingo nene.

NPK 17-17-17: gramu 30 kwa mita ya mraba, siku moja au mbili kabla ya kupanda, ichanganywe na udongo. Kifuniko cha chupa ya soda kinabeba gramu 5 hivi, kwa hiyo ni vifuniko 6. Uree: gramu 7 kwa mita, kifuniko kimoja na nusu, juma la tatu baada ya kuhamisha, na gramu 7 nyingine juma la sita. Mara mbili. Ya tatu haipo. Iweke kati ya mistari, si kwenye majani, funika kwa udongo kidogo na mwagilia palepale, la sivyo sehemu yake inapaa hewani.

Kwa nini isimame hapo? Kitunguu ni mafungu ya majani yaliyovimba. Kinapoanza kujaza, mmea unaacha kutoa majani mapya; shingo inabaki tupu ndani, inalegea, inaanguka, inakauka na kujifunga yenyewe kama mdomo wa gunia. Ukiupa nitrojeni wakati huo, unaendelea kusukuma majani katikati, shingo inabaki imejaa nyama mbichi na haijifungi. Vimelea vinaingia juu na kushuka ndani. Ulichokiona majuma matatu baada ya kuvuna ndicho hicho. Uree ya mwanzo wa mwezi wa nane, kwa miche ya mwezi wa tano, ilikuta vitunguu vimekwisha anza kujaza.

Kama majani yako ni ya kijani kibichi kizuri juma la sita, acha hata hiyo ya pili.

---

Kisima_Mita7

Kuhusu maji, ndugu Mlimaji, nitakueleza ukweli: kwa arozwari mbili, ari 5 hazitoshelezeki.

Hesabu ni hii. Miche michanga kwenye baridi ya mwezi wa sita na wa saba inakunywa kama lita 3 kwa mita ya mraba kwa siku. Kwa mita 350 ni lita 1,050, arozwari 105. Wakati wa kujaza, mwisho wa mwezi wa nane na wa tisa, jua kali na upepo, ni lita 5 hadi 6, yaani arozwari 175 hadi 210 kila siku. Motopompe ya mara moja kwa juma haijazi pengo hilo, kwa sababu mizizi ya kitunguu iko karibu yote kwenye sentimita 20 hadi 30 za juu. Ukimwaga maji ya juma zima kwa siku moja, yanapita chini ya mizizi, halafu siku nne mmea una kiu. Kiu na mafuriko kwa zamu ndivyo vinavyopasua kitunguu vipande viwili na kukifanya kiwe pacha.

Kwa hiyo ama punguza, panda matuta 12 hadi 15 na uyatunze vizuri, ama panga motopompe kila siku ya tatu, lita 12 hadi 18 kwa mita kila mara. Udongo wako wa mfinyanzi unaweza kuhifadhi kiasi hicho.

Na kisima chako kina mtego. Motopompe ya juu ya ardhi inavuta maji kwa msaada wa uzito wa hewa, na kwenye mwinuko wetu hewa ni nyepesi. Usitegemee kuvuta zaidi ya mita 6. Maji yakishuka hadi 7, mashine itanguruma bila kutoa kitu, na hiyo ni mwezi wa tisa hasa, vitunguu vikiwa vinajaza. Kuchimba zaidi hakutasaidia. Kinachohesabiwa ni kutoka mashine hadi uso wa maji. Unaweza kuchimba ngazi pana pembeni ya kisima na kushusha mashine mita moja na nusu, ikiwa mahali ni wazi na upepo unapita. Ndani ya kisima chenyewe usiishushe kamwe ikiwaka: moshi wake una gesi ya sumu isiyo na harufu, unajaa chini na kuua mtu kwa dakika chache. Njia nyingine ni pampu ya kuzama, au kuvuta taratibu asubuhi na kujaza mapipa ya lita 200.

Matuta ya kiangazi yasiwe ya kupanda juu kama ya mvua. Tuta la sentimita 25 mwezi wa nane linakauka pande zote. Lifanye sawa na ardhi, au chini kidogo, lenye ukingo wa sentimita 5 kuzunguka, maji yakae. Weka nyasi kavu nyembamba kati ya mistari.

---

Mama_Kitalu

Na thripsi, tafadhali tusiwasahau. Kiangazi ndiyo sikukuu yao.

Fungua katikati ya mmea, pale majani yanapoachana. Utaona vijidudu vya njano, vyembamba, milimita moja. Majani yanapata mistari ya fedha, halafu ncha zinakauka, na mtu anafikiri ni ukosefu wa maji. Kila juma angalia mimea 20, mitano kila kona ya shamba. Wakizidi 10 kwa mmea, tenda. Chini ya hapo maji ya arozwari yanayomwagwa juu ya majani asubuhi yanawaangusha wengi, hilo ni jema moja la arozwari kuliko mfereji.

Dawa ikibidi: spinosadi au abamektini, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, jioni, mdomo wa pompi ukielekea katikati ya mmea. Jani la kitunguu lina nta, matone yanateleza. Weka kijiko kimoja cha sabuni ya maji kwenye lita 15. Usirudie dawa ileile zaidi ya mara mbili mfululizo. Zile dawa za bei ya chini za jamii ya sihalothrini thripsi wamezizoea sana, haziwaui tena vizuri, na zinaua wadudu wanaowala thripsi. Soma siku za kusubiri kabla ya kuvuna na uziheshimu. Mafuta ya mwarobaini yanasaidia wakiwa bado wachache, mara moja kila siku tano.

Palizi: mara tatu au nne, juujuu, sentimita 2, majuma nane ya kwanza. Ndago ing'oe na kichwa chake.

---

Nguba_Bukavu

Kutoka Bukavu ninawasoma kwa makini. Huku kwetu hesabu ya tarehe ni tofauti, siku ni karibu saa 12 mwaka mzima na kipwa (kiangazi) ni kifupi, mwezi wa sita hadi wa nane. Adui wetu mkubwa ni majani: madoa ya zambarau yenye duara katikati, na ule ukungu wa kijivu unaokuja na umande wa asubuhi. Kwa hiyo sisi matuta tunayainua sentimita 20 hadi 25, nafasi tunaiacha sentimita 12 hadi 15 kati ya miche ili upepo upite, na mankozebe (dawa ya ukungu) tunapiga kabla ya madoa kuenea, kila siku 7 hadi 10 mvua ikiendelea. Anayepanda Lubumbashi mwezi wa pili au wa tatu, mvua zikiwepo, afanye kama sisi, si kama mlivyoandika hapo juu.

Pia msirudishe kitunguu, poaro au kitunguu saumu mahali palepale kabla ya miaka mitatu. Kile kinachoozesha kitako, mizizi ikawa ya waridi au kahawia, kinakaa udongoni na hakuna dawa ya kukitoa. Baada ya kitunguu wekeni maharagwe au mahindi.

---

Mlimaji_Kafubu

Nimeelewa, nitapunguza hadi matuta 15. Nielezeni kuvuna na kuweka. Wengine hapa wanakanyaga shingo kwa mguu ili zianguke.

---

Chokaa_na_Mboji

Usikanyage. Shingo iliyovunjwa kwa nguvu haijafungwa, umefungua kidonda tu. Shingo 10 kwa 100 zikianza kulala zenyewe, punguza maji. Zikifika 20 au 30, acha maji kabisa. Zikifika 60 hadi 80, ng'oa. Hiyo ni kama siku 10 hadi 14 baada ya maji ya mwisho. Ambazo bado zimesimama siku hiyo ziweke fungu lake, uzile kwanza au uziuze siku hiyo hiyo. Usizichanganye na za kuweka hata moja.

Ng'oa asubuhi, inua kwa uma au jembe kutoka chini ikiwa udongo ni mgumu, usivute kwa majani. Laza mistari shambani siku moja au mbili, majani ya mstari huu yafunike vitunguu vya mstari wa nyuma. Jua la Septemba likipiga ngozi tupu linapika upande mmoja, unakuwa mweupe, laini, halafu unaoza. Kisha kivulini penye upepo siku 7 hadi 14, hadi shingo ukiibana kwa vidole haiteletezi na ngozi ya nje inalia kama karatasi. Hapo kata majani, acha shingo ya sentimita 2 hadi 3. Ukikata kwenye bega, umemaliza kazi yote bure.

Kuhifadhi: gunia la plastiki lililofumwa ndilo lililokuozeshea nusu nyingine. Tengeneza kichanja cha fito au mianzi, sentimita 50 juu ya sakafu, vitunguu visizidi kina cha sentimita 30, hewa ipite chini na pembeni, paa la nyasi. Pita kila juma ukitoa kilichooza. Kimoja kinaambukiza kumi. Jambo ambalo wengi hawalitegemei: vitunguu vinalala vizuri kwenye baridi ya digrii 0 au kwenye joto la 25 hadi 30 pakavu, lakini kati ya 10 na 20 vinaamka na kuchipua. Kwa hiyo chumba cha saruji chenye ubaridi na unyevu ni kibaya kuliko kichanja chenye joto. Mvua za Novemba zikianza unyevu utapanda, na hapo hata Red Creole nzuri inaanza kutoa mizizi kitakoni. Panga kumaliza kuuza kabla ya katikati ya Desemba.

Mavuno ya kutegemea kwa mara hii ni kilo 2 hadi 2.5 kwa mita ya mraba. Matuta 15 ni mita 150, yaani kilo 300 hadi 375. Pima vizuri uzito baada ya kukausha, si siku ya kung'oa, majani na maji vinadanganya.

---

Penga_Mkulima

Samahani kuingilia. Shamba letu liko upande wa Penga-Penga, ule upepo wa zamani wa bomba la moshi la kiwanda cha shaba. Haya yote yanafaa huku?

---

Udongo_Mwekundu

Huko kaka, kabla ya mbegu angalia ardhi. Moshi wa kiwanda kwa miaka mingi ulisukumwa na upepo wa kusini-mashariki kuelekea huko, ukaacha shaba, zinki, risasi na kadimi kwenye sentimita za juu za udongo. Mahali penye vipara visivyoota kitu, au nyasi fupi za aina moja tu, usipande chakula chochote. Risasi na kadimi haziozi wala hazitoweki. Chokaa inayopandisha pH hadi karibu 7 pamoja na mboji nyingi inapunguza kinachoingia kwenye mmea, haikiondoi.

Mahali panapoota magugu mchanganyiko kama kawaida, peleka kwanza kilo ya udongo wa sentimita 20 za juu, iliyochukuliwa sehemu kumi na kuchanganywa, kwenye maabara inayopima metali. Ikiwa majibu si mazuri, tengeneza matuta ya udongo wa kuleta, kina sentimita 30, juu ya turubai nene lenye matundu machache. Kitunguu kina mizizi mifupi, kinatosheka na kina hicho. Maji nayo yasitoke kwenye mto unaopita chini ya kiwanda, la sivyo unarudisha kwa arozwari kile ulichokikimbia.